Kurefusha na kurefuka: jinsi ya kutumia "drag out" na "drag on" bila kukosea

Kuna barua moja niliyoletewa niihariri ambayo sijaisahau. Kijana aliyeiandika alikuwa mgeni wa mtu, na alitaka kumwomba mwenyeji wake amwongezee wiki mbili. Barua ilijaa adabu, shukrani mwanzo na shukrani mwisho, lakini katikati ilisema: "I would like to drag out my stay by two weeks." Alikusudia kusema kwamba anaomba kuongeza muda wa kukaa. Kwa sikio la anayeijua lugha, alikuwa amesema kitu kama: nataka kujikokota hapa kwako wiki mbili zaidi, hata kama tumeshachokana.

Hakubuni neno hilo. Alikuwa amelitafuta kwenye kamusi yake na kukuta limeandikwa "kurefusha", basi akaamini kazi imekwisha. Hapo ndipo wengi wetu tunapoponea au tunapozama. Neno letu "kurefusha" ni pana mno. Tunarefusha nguo, tunarefusha maisha, tunarefusha mkataba, na tunarefusha maneno mpaka watu wanasinzia. Kiingereza kina neno lake kwa kila moja kati ya hayo, na "drag out" ni la hilo la mwisho tu.

Anza na picha iliyo ndani ya neno

"Drag" ni kuburuta. Kitu kinachoburutwa ni kizito, hakitaki kwenda, na kinakwaruza ardhi njia nzima. Ukilitumia neno hili kwa mkutano au kesi, uzito huo unakuja nao. Hakuna anayeburuta jambo analolifurahia.

"Out" hapa haina maana ya nje. Ni ile "out" ya kunyoosha kitu mpaka mwisho wake, kama ilivyo katika "stretch out" na "spread out". Ukiziunganisha unapata picha ya mtu anayeshika jambo lililotakiwa kuwa fupi na kulivuta mpaka liwe refu kupita haja yake.

Picha hii ni ya zamani. Kiingereza kina neno la rasmi zaidi, "protract", lenye maana hiyohiyo, na lilitoka katika kitenzi cha Kilatini "trahere", yaani kuvuta au kuburuta. Trekta nayo imezaliwa na kitenzi hichohicho. Kwa hiyo ukikutana na "protracted negotiations" katika gazeti, fikiria mazungumzo yaliyofungwa nyuma ya trekta, yakivutwa polepole shambani. Hutasahau maana yake tena.

Uliza: kuna anayeburuta, au jambo linajiburuta?

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na habari njema ni kwamba sisi tumezaliwa na chombo cha kuivuka. Sikiliza tofauti kati ya "kurefusha" na "kurefuka". Mwenyekiti alirefusha kikao. Kikao kilirefuka. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayechanganya viwili hivyo, hata kama hajawahi kusikia neno mnyambuliko. Kiingereza hakina viambishi vya aina hiyo kwenye mwisho wa kitenzi, kwa hiyo kazi hiyo kinaifanya kwa kubadilisha kile kineno kidogo kinachofuata.

"Drag out" ni upande wa -sha. Lazima kuwe na anayefanya na kinachofanyiwa:

"The chairman dragged out the meeting." Mwenyekiti alikirefusha kikao.

"Drag on" ni upande wa -ka. Jambo lenyewe ndilo kiima, na hakuna shamirisho:

"The meeting dragged on." Kikao kilirefuka, au kwa Kiswahili chenye ladha zaidi, kikao kilijikokota.

"On" hapa ni ileile ya "go on" na "carry on", yaani kuendelea. Kitu kinaendelea kujikokota chenyewe, bila mkono wa mtu kuonekana.

Ukishika hilo, makosa mengi yanajiondoa yenyewe. Huwezi kusema "The chairman dragged on the meeting", maana hiyo ni sawa na kusema "mwenyekiti alirefuka kikao". Huwezi pia kusema "The meeting was dragged on", kwa sababu kitenzi kisichokuwa na shamirisho hakiwezi kuingia katika kauli ya kutendwa. Lakini "The meeting was dragged out" ni sahihi kabisa, nayo ni "kikao kilirefushwa". Unamficha mtendaji, ila bado unasema kwamba yupo.

Utakutana, hasa katika maandishi ya Marekani, na "drag out" iliyosimama bila shamirisho, kama "The case could drag out for months." Ipo, usiishangae unapoisoma. Unapoandika wewe, shikamana na "drag on" katika nafasi hiyo. Hakuna atakayekusahihisha.

Na kuna tofauti ya moyo kati ya hivi viwili, ambayo mimi naiona muhimu kuliko sarufi yenyewe. "Drag on" ni lalamiko. "Drag out" ni lawama. Ukisema "The interview dragged on", umesema ulichoka. Ukisema "They dragged out the interview", umemnyooshea mtu kidole. Kabla hujaandika ya pili, hakikisha kweli unataka kunyoosha kidole.

Mweke "it" mahali pake

"Drag out" inatenganishika. Shamirisho likiwa nomino fupi, unachagua: "drag out the meeting" au "drag the meeting out". Zote mbili ni sawa, na ya pili husikika zaidi katika mazungumzo.

Shamirisho likiwa kiwakilishi, uchaguzi unaisha. Ni "drag it out", "drag this out", "drag them out". "Drag out it" ni kosa linalosikika mara moja, kama kokoto kwenye wali. Wanafunzi wengi hukariri kanuni hii na kuisahau wiki inayofuata, ndiyo maana mimi huwaonyesha neno moja la kwetu:

Usiirefushe.

Itazame kwa karibu. Ile -i- ya pili, inayosimama badala ya kesi au hadithi, imekaa wapi? Imekaa ndani ya kitenzi, katikati, kabla ya mzizi kuja. Kiswahili hakiitupi mwishoni. Kiingereza nacho, kwa kitenzi hiki, kinaingiza "it" katikati ya vipande viwili: "Don't drag it out." Kila unaposita, jiambie "usiirefushe" kimoyomoyo na uone -i- ilivyobanwa katikati.

Shamirisho likiwa refu, fanya kinyume: peleka "out" mbele ili msomaji asiisubiri. "They dragged out a process that should have taken two days" inasomeka vizuri. "They dragged a process that should have taken two days out" inamfanya msomaji afike mwisho na kukuta kineno kimoja kinaning'inia, asijue ni cha nani.

Ukitaka kusema mtu alirefusha jambo kwa njia gani, tumia "by" na kitenzi chenye -ing: "He dragged the meeting out by asking the same question three times." Muundo huu una faida kubwa. Unatoa lawama pamoja na ushahidi wake.

Tahajia na matamshi

Wakati uliopita ni "dragged", na hali ya kuendelea ni "dragging", g mbili kote. "Dragged" hutamkwa kwa silabi moja tu. Sisi, kwa mazoea ya kufunga kila silabi kwa irabu, huwa tunasema "dragedi", nayo inatufichua papo hapo. Dawa ni kuliunganisha na neno linalofuata: "dragged out" itamke kana kwamba d ni ya "out", drag-daut. Mkazo uweke kwenye "out": "Don't drag it OUT."

Angalia pia irabu. Ukiandika "drugged" badala ya "dragged", umetoka kwenye kuburuta na kuingia kwenye kuleweshwa dawa. Programu ya kusahihisha tahajia haitakusaidia hapo, kwa sababu yote mawili ni maneno halali.

Sema imechukua muda gani

Vitenzi hivi hupenda kufuatwa na muda. Kwa kipimo cha muda tumia "for", kwa mwisho wake tumia "until", na kwa jambo lililovuka mpaka wa wakati tumia "into", kama "into the night" au "into the following year".

Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa vilianza mwaka 1337 na kuisha 1453. "The war dragged on for 116 years." Sentensi hiyo ni sahihi na haimlaumu yeyote.

Sasa chukua mazungumzo ya amani ya Vietnam yaliyofunguliwa Paris mwezi Mei 1968. Mapatano yalitiwa saini Januari 1973, basi tunasema: "The talks dragged on until January 1973." Lakini ndani ya miaka hiyo kuna kisa kimoja mashuhuri. Pande zilibishana kwa wiki nyingi kuhusu umbo la meza, kwamba iwe ya mviringo au ya namna gani, kwa kuwa umbo lilikuwa na maana ya nani anatambuliwa kama upande unaojitegemea. Suala hilo lilimalizwa Januari 1969. Hapo sasa tuna kitu kilichorefusha, na kitenzi kinabadilika: "The quarrel over the table dragged the talks out." Mazungumzo ni yaleyale. Mara ya kwanza yanajikokota yenyewe, mara ya pili tumemtaja mburutaji.

Jambo likiwa bado linaendelea leo, tunateleza sana. Kiswahili kinasema "kesi inaendelea kwa miaka mitatu sasa", na kichwa kinatafsiri moja kwa moja: "The case is dragging on since three years." Makosa mawili kwa pamoja. Sahihi ni "The case has been dragging on for three years." "Since" ihifadhi kwa mahali pa kuanzia: "since 2021", "since the first hearing". Shida inatokana na "tangu" yetu, ambayo inakubali kusema "tangu miaka mitatu iliyopita". "Since" haina ukarimu huo.

Je, kuna aliyechoka?

Mwaka 2010 huko Wimbledon, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza mechi ya tenisi iliyochukua saa 11 na dakika 5, ikagawanyika katika siku tatu, na seti ya mwisho pekee ikaisha kwa 70 kwa 68. Sasa niambie: "The match dragged on" au "The match went on"?

Sarufi haikujibii. Jibu liko kwa anayesimulia. Mpenzi wa tenisi aliyekuwa ameshika roho mkononi atasema "It went on for eleven hours" au "It lasted eleven hours", na hatathubutu kusema "dragged". Aliyekuwa anasubiri uwanja uwe wazi ili mechi nyingine ianze anaweza kusema "It dragged on for eleven hours", nasi tutajua mara moja alikuwa upande gani. Jambo kuwa refu hakutoshi. Lazima pawe na mtu ambaye limemchosha.

Ndiyo maana kuna sentensi zenye sarufi safi kabisa ambazo hazifai kutamkwa. Ukimwambia mtu kwamba madaktari "dragged out" maisha ya mama yake, umemuumiza, hata kama ulikusudia kushukuru. Kwa maisha, neno la heshima ni "prolong": "The treatment prolonged her life." Kwa muda rasmi kama viza, mkataba, likizo au tarehe ya mwisho, ni "extend". Kwa nguo na vitu vinavyopimika kwa urefu, ni "lengthen". Yule kijana wa barua alihitaji "extend my stay", basi. Herufi chache tu, na mwenyeji angeisoma barua akitabasamu.

Kwa sababu hiyohiyo, usiipeleke "drag out" ofisini bila kufikiri. "Please do not drag out this process" katika barua ya maombi ni shutuma. Andika "I would be grateful for an early decision", na umeomba jambo lilelile bila kumchokoza anayeshika kalamu.

Majirani wanaofanana naye

"Draw out" ndiye wa karibu zaidi, naye ni mpole kidogo. Anaweza kurefusha jambo bila kulichukiza: mwimbaji anaweza "draw out" noti ya mwisho ikapendeza. Kivumishi chake ndicho kinachotumika sana, "a long, drawn-out trial", na kumbuka mnyumbuliko wake: draw, drew, drawn. "Drawed" haipo. Kitenzi hiki pia kina maana ya kumfanya mtu mkimya afunguke, na ya kutoa pesa benki.

"Spin out", hasa kwa Waingereza, ni kulifanya jambo au pesa kidogo zichukue muda mrefu. Katika habari za magari ni kitu kingine kabisa, gari kuteleza na kuzunguka. "Eke out" ni kukibania kidogo ulicho nacho ili kifike mbali. Hapo unaibania akiba, hurefushi kikao.

"Put off" ni kuahirisha. Kesi iliyopigwa kalenda ime-"put off", na ikipigwa kalenda mara kumi, ndipo ime-"dragged out". La kwanza ni tendo la siku moja na la pili ni matokeo yake. "String someone along" ni kumpiga mtu danadana: shamirisho lake ni mtu, si jambo. Na "drag your feet" ni kujivuta makusudi usifanye lililo juu yako. Watu waki-"drag their feet", jambo lao lita-"drag on". Ukitaka kuvihisi vitenzi hivi viwili, vione hivyo, kimoja kama chanzo na kingine kama matokeo.

Mitego

"He dragged on his cigarette" haihusu urefu wa kitu. Alivuta sigara. Nasi pia tunasema kuvuta, kwa hiyo huu ni rahisi kuukumbuka.

"I had to drag the truth out of him" ni kumtoa mtu ukweli kwa shida, neno kwa neno. Ishara ni ile "of". Ukiiona "out of", acha kufikiria muda, fikiria kuchomoa.

"A knock-down, drag-out fight" ni usemi wa Kimarekani wa ugomvi mkali usio na huruma. Unaweza kuwa mfupi sana.

Na mtu hawi kiima cha "drag on" katika maana yetu hii. Mzungumzaji aliyetuchosha hatuambii "The speaker dragged on". Tunasema "The speaker went on and on", au "His speech dragged on". Kinachojikokota ni hotuba.

Jipime

Funika majibu kwa mkono, tafsiri kwanza.

"Wakili aliirefusha kesi kwa kuomba iahirishwe mara kwa mara." Yupo anayefanya, na kuna lawama: "The lawyer dragged the case out by asking for one adjournment after another."

"Kesi imekuwa ikijikokota kwa miaka minne." Hakuna aliyetajwa, na bado haijaisha: "The case has been dragging on for four years."

"Naomba kuongezewa muda wa kuwasilisha ripoti." Hakuna kuburuta hapa: "I would like to request an extension for the report."

"Tuagane upesi, tusirefushe." Kiswahili kimeacha shamirisho, ila Kiingereza kinalidai: "Let's say goodbye quickly and not drag it out." Ukiandika "not drag out", sentensi inabaki na pengo.

Ya mwisho ni ngumu kwa makusudi: "Mkutano ulirefushwa hadi saa mbili usiku." Usikimbilie kalamu. Ikiwa imetoka katika kumbukumbu rasmi za mkutano, wajumbe waliafikiana kuongeza muda, nayo ni "The meeting was extended until eight in the evening." Ikiwa ameisema mjumbe aliyefika nyumbani amechoka, akijua fika ni nani aliyekuwa anapiga porojo mbele, ni "The meeting was dragged out until eight." Kiswahili kimeruhusu zote mbili zikae katika neno moja. Mfasiri analazimika kuchagua, na hawezi kuchagua mpaka ajue ni nani anayesema.